Mizigo Kumi na Mmoja ya Roma

Mwanangu Imelda,

Pasipoti yako unayo, chaja umenunua, na habari ya koti umeshaniambia mara mbili kwamba hilo hilo linatosha. Hayo nayaacha. Umekwenda Fairfax kuwaaga rafiki zako, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni, jua bado linawaka juu ya magari kule nje. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukiingia utaniuliza mbona sebule iko tupu, na nikianza kukujibu kwa mdomo nitaharibu.

Sebule iko tupu kwa sababu mizigo nimeirudisha. Yote kumi na mmoja.

Jumapili ulipotoka kazini uliikuta imepangwa chini ya televisheni, kila mmoja umebandikwa selotepu yenye jina la mtu wa Roma anayeungoja. Ulisimama hapo na viatu vyako miguuni, wewe ambaye hujawahi kukanyaga zulia la mama yako na viatu. Ukasema taratibu, kwa Kiingereza, "You did this to Mama." Mimi nikajifanya natafuta rimoti. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kumwambia mgonjwa ainue mguu nifunge kiti chake cha magurudumu ndani ya gari. Lakini maneno hayo matano, kwamba mimi ndiye niliyemfanyia mama yako hivi, niliyasikia, na wala sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Ulikwenda chumbani kwako. Tumekula pamoja siku nne tukiongea habari za chumvi.

Ulisema kweli. Sasa nikueleze kweli hiyo ilivyokuwa, maana wewe unaijua Roma ya picha za mama yako tu.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, tukakuacha kwa mama yako mdogo. Sisi tulikuwa tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, na katika miaka hiyo yote hatukuwahi kwenda mahali kwa ajili ya kwenda. Kila safari ilikuwa nyumbani, Mbinga, tena kwa msiba au harusi. Siku moja mama yako amerudi kutoka kwa yule bibi aliyekuwa akimhudumia Takoma Park, amekaa kitandani anajikanda visigino, akasema, "Baba Imelda, mimi nataka siku sita za kutembea kwa miguu katika mji ambao simjui mtu."

Nikamwambia, "Kwa miguu? Hiyo miguu unayoikanda?"

"Hii imechoka kwa kusimama," akasema. "Kutembea haijatembea tangu nije Amerika."

Unajua alikotoka. Umatengo, huko Mbinga, ni milima mitupu, na shule yake ilikuwa upande wa pili wa bonde. Alishuka na kupanda kila siku, miaka saba. Hapa alikuta kila kitu kiko ng'ambo ya barabara isiyovukika, hata duka unaloliona kwa dirisha lazima ulifuate kwa gari. Tukachagua Roma kwa sababu sisi ni Wakatoliki, na kwa sababu alisikia mtu anaweza kuizunguka kwa miguu yake mwenyewe.

Kosa nililifanya siku hiyo hiyo. Nilimwambia Padre, na Padre, kwa nia njema, akaliweka kwenye matangazo baada ya misa ya Kiswahili. "Ndugu yetu Baba Imelda na mkewe wanakwenda Roma." Watu wakapiga vigelegele na makofi. Nikasimama nikapunga mkono. Mama yako hakusimama. Alinivuta koti akaninong'oneza, "Kaa chini, watakuona." Nami nikafikiri anaona haya.

Kumbe alikuwa anajua. Hatujaingia kwenye gari, mama mmoja ameshika mlango: ana shemeji yake mtawa huko. Mwingine ana mdogo wake frateri, amekosa viatu vya mpira vya saizi yake. Vitamini, dawa za maungo, mafuta ya kujipaka, majani ya chai, kompyuta ya padre mmoja anayesoma sheria za Kanisa. Tulikuwa na ruhusa ya masanduku mawili, na yote mawili yakajaa vitu vya watu. Nguo za mama yako zilisafiri kwenye mkoba wa mkononi: magauni mawili na kile kitambaa chake cha kichwa cha kijani.

Watu watakwambia nilishindwa kukataa kwa sababu mimi ni mpole. Nimewaachia waamini hivyo miaka mingi. Kwako nitasema lilivyo: nilipenda. Huku mimi ni dereva ambaye abiria wake wengine humwita "hey". Lakini wiki zile tatu kabla ya safari nilikuwa Baba Imelda wa Roma. Simu iliita usiku na mchana. Nilikuwa mtu anayetumwa, na kwetu sisi mtu anayetumwa ni mtu anayeaminika.

Na kuna la pili, na hili sijamwambia yeyote. Niliogopa. Sijui kutembea mtaani bila sababu. Tangu utoto nikionekana njiani nina debe, au jembe, au barua ya mtu. Ule mji ulikuwa na watu waliokaa nje wanaangalia wapitao, na mimi niliona wakiniuliza kwa macho, wewe unakwenda wapi? Nikiwa na sanduku, nilikuwa na jibu.

Basi siku nne kati ya sita nilipeleka mizigo. Nyumba za watawa nyingi ziko pembezoni; unapanda basi, unashuka, unapiga kengele, unangoja, sista anakuja anasema mwenye mzigo yuko kwenye sala. Na hawakuachii uondoke hivi hivi: unapewa mafuta ya zeituni, rozari za kupeleka Amerika, chupa za maji ya baraka. Nilitoa na kupokea. Sanduku halikupungua.

Mama yako alikwenda peke yake. Alitoka asubuhi na ramani ya karatasi aliyopewa mapokezi, na kila alikopita alichora kwa kalamu ya bluu. Jioni alikaa kitandani, miguu ndani ya beseni, ananisimulia nami nasinzia. Mabaki ya kuta za kale ambayo paka wanalala juu yake. Misonobari mirefu yenye kichwa kama mwavuli, ambayo alisema ingependeza Mbinga ila watu wangeikata kuni. Siku ya tatu akaniambia, "Leo nimepotea mara tatu," huku anacheka.

"Sasa hapo umefurahia nini?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyekuwa ananingoja."

Niliona ni maneno ya mtu aliyechoka. Nikalala.

Tulitembea pamoja mara moja tu, alasiri ya siku ya nne, na hiyo ndiyo likizo yangu yote. Alinikuta kituo cha basi na sanduku lililokuwa tupu kwa mara ya kwanza, kabla sijapita kwa sista mwingine. Akasema, "Twende tu." Barabara zile ni za mawe madogo meusi, na sanduku langu lilipiga kelele kama trekta. Watu wakageuka. Mtoto mmoja akaanza kuliiga: tra-ta-ta-ta. Tulipofika kwenye kona gurudumu likachomoka, likabingirika peke yake chini ya mteremko, nami nikalikimbilia nikipiga mayowe kwa Kiswahili, "Lishikeni! Lishikeni!" Hakuna aliyelishika. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe la bomba la maji.

Mabomba yale yako kila mtaa, ya chuma, mafupi kama mtu aliyechuchumaa, na maji yake hayafungwi, baridi kama ya mtoni. Alikuwa ameshajifunza. Aliziba mdomo wa bomba kwa kidole, na maji yakaruka kutoka kitundu kilichoko juu, akanywa bila kuinama sana. "Njoo Baba Imelda, kunywa." Nikaziba vibaya yakanipiga usoni. Alicheka tena. Nimemsikia mama yako akicheka mara nyingi, ila kicheko kile cha mtu aliyekaa chini hadharani, gauni limelowa, hana haraka, nilikisikia siku ile tu.

Siku ya mwisho ilibaki asubuhi moja na mzigo mmoja. Yeye alitaka kupanda kilima fulani, ambacho ukifika juu unauona mji mzima. Mzigo ule ulikuwa wa sista wa kwao Mbinga, na mimi nikamwambia, "Huyu lazima twende wote, ni mtu wa kwenu, atasemaje? Saa sita uwe umerudi." Akasema haya. Saa sita kasorobo alikuwa mlangoni, anahema. Tukaenda. Sista alikuwa amehamishiwa nyumba nyingine mwezi uliopita. Tuliacha mzigo kwa mlinzi wa geti, na mpaka leo sijui kama ulifika.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa kongosho ulimchukua kwa miezi minne. Hiyo unaijua, ulikuwepo, ulimkata kucha. Usilolijua ni hili. Alasiri moja hospitalini, umekwenda kununua maji, aliomba nimpe ile ramani. Nikaitoa kwenye mkoba wake. Akaweka kidole mahali mstari wa bluu unapokatika.

"Hapa nilifika chini ya ngazi za kile kilima," akasema. "Nikaangalia saa."

"Kumbe hukupanda? Si ungepanda tu, Skola."

"Ungekuwa umesimama barabarani na sanduku."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa na la kujitetea.

Kwa hiyo uliposema yale Jumapili, mwanangu, ulinikuta nimeshasomewa mashtaka. Na bado nilikuwa nimerudia! Hilo ndilo lililonishangaza mimi mwenyewe. Wewe umepata chuo huko Italia, miaka miwili, umeomba siku tano za Roma kabla ya masomo, uzunguke peke yako kwa miguu. Nami safari hii sikumwambia Padre. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Dorothea, na unamjua Mama Dorothea. Simu ya kwanza iliponiita nikasikia sauti yangu inasema, "Lete tu, haina shida." Haina shida kwa nani? Mgongo si wangu.

Leo nilikuwa na siku ya mapumziko. Ulipoondoka tu nikapakia yote kwenye gari, nikaingia barabara kuu ya Beltway.

Wa kwanza alikuwa Wambua, hapa hapa Falls Church, nikafikiri nianze na mwepesi. Alifungua mlango akaona mfuko wake.

"Haki wewe, mzee! Hata dawa ya meno umenirudishia?"

"Hata dawa ya meno."

"Ni kamoja tu! Kako hivi!" Akanionyesha kidole.

"Wote kumi na mmoja mmesema ni kamoja, Wambua. Kila mtu na kamoja kake."

Akacheka, akajikuna kichwa. "Sawa. Lakini si ungenipigia simu tu? Umeendesha gari kuniletea dawa ya meno yangu mwenyewe?"

"Kwa simu ningekubali tena," nikamwambia. Huo ndio ukweli. Ninajijua.

Wengine walipokea, mmoja akanuna, mwingine akaniuliza kama tumegombana. Sikueleza sana. Nilisema, "Imelda hataubeba," nikaweka chini, nikaaga. Unashangaa jinsi sentensi hiyo ilivyo fupi. Imenichukua miaka sita kuisema.

Wa mwisho niliufanya wa mwisho kwa makusudi. Takoma Park, kwa Mama Dorothea. Viatu na vitamini za mtoto wa dada yake, mseminari. Wewe ulikuwa kwenye majonzi, huenda hukumbuki vyote: ni yeye aliyemsuka mama yako nywele wiki ya mwisho, unywele kwa unywele, kwa vidole vya mtu anayeshika yai. Ni yeye aliyesimama jikoni kwetu siku za msiba mpaka miguu ikamvimba. Njia nzima nilikuwa nimeandaa uongo: uzito umezidi. Ulikuwa mtamu mdomoni kama pipi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Mbona umerudi nao? Uzito umezidi?"

Umeona? Alinifungulia mlango wa uongo yeye mwenyewe. Nilikuwa na hatua moja tu ya kupita.

"Haujazidi," nikasema. "Begi lake lina nafasi. Hataubeba tu."

Aliutazama mfuko. Kisha akasema, "Watu waliosimama na wewe kwenye msiba, leo viatu vyao vimekuwa vizito."

"Nitume mimi, dada. Mapazia yako nitashusha, taa nitabadilisha, kliniki nitakupeleka kila wiki mpaka mmoja wetu azikwe. Mimi ndiye niliyesimamiwa. Imelda simtumi."

"Umekuwa Mzungu."

"Basi ni Mzungu wa kubadilisha taa. Niambie ni ipi."

Hakucheka. Akasema, "Na wewe mwenyewe je? Mtoto mmoja, mke huna, anakwenda zake miaka miwili. Baba anamwachia nani?"

Hili nililitegemea, wamelisema wengi nyuma ya mgongo wangu, na wewe najua wamekwambia usoni. Nikamjibu, "Dada Dorothea, tazama vizuri. Mimi sijabandikwa selotepu yenye jina lake."

"Skola hakuwahi kulalamika," akasema. "Alibeba, akanyamaza. Mama mwenye heshima."

"Ndiyo sababu nimekuja."

Aliuchukua mfuko. Hakunikaribisha chai. Miaka yote ninayomjua, sijawahi kutoka nyumba ile bila chai, hata siku tuliyokwenda kuchagua jeneza alinilazimisha. Leo nimetoka mkavu. Nilikaa ndani ya gari kidogo kabla ya kuliwasha, na sikujuta. Huenda Jumapili asinisalimie, huenda kwaya nzima isinisalimie. Nitakaa kwenye benchi langu. Watasema Baba Imelda amesahau watu. Waseme. Nimewasikiliza watu vizuri miaka mingi, na mke wangu akaishia chini ya ngazi.

Usinielewe vibaya kwamba nakufundisha kuwakataa watu. Watu hawa ni wetu. Siku ukiwa huko ukasikia mtu ana msiba, nenda, pika, simama mpaka miguu ivimbe. Hilo utalitoa mwenyewe, siku utakayochagua, na halitakuwa zito. Ila siku zako tano ni zako. Ukitaka kulala mpaka saa sita, lala. Ukitaka kukaa kwenye jiwe ule aiskrimu uangalie paka, kaa. Sitakupigia kuuliza umeona nini. Ukipotea, potea vizuri.

Limebaki moja nimalize, maana nimesikia gari, sijui kama ni lako.

Nilisema mizigo kumi na mmoja. Kulikuwa na mwingine. Juzi ulipokuwa unaoga nilifungua mfuko wa pembeni wa begi lako, nikaweka kile kitambaa cha kijani cha mama yako, nimekikunja ndani ya ile ramani, na kikaratasi: jina la kilima, na maneno, "Panda ukifunge huko juu, kwa ajili yetu." Nililia nilipoandika, nikaona nimefanya jambo zuri sana. Leo natoka Takoma Park, nikiwa bado na hasira ya kutetea nafasi ya begi lako, ndipo nikaona kilichomo humo ndani. Nilimnyima mama wa watu jozi ya viatu, na mimi nimekupakia kilima kizima.

Nimekitoa. Kitambaa kiko kwenye droo yangu. Ramani nimebaki nayo, na jina la kilima silitaji hapa, ili usije ukakipanda kwa kunihurumia. Ukikipanda kwa bahati, utakuwa umepanda kilima tu, mji utakuwa chini yako, na hutakuwa na deni la kulia.

Ngazi zile ni zangu. Mwakani nikipata likizo nitakwenda mwenyewe, na mkoba wa mkononi, na sitamwambia Padre. Nimeanza mazoezi, jana nilikwenda kwa miguu mpaka maktaba na kurudi, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi.

Begi lako nimelipima. Lina kilo tisa, na zote ni zako.

Baba